Nyama Ina Mafuta Yake: Mhadhara juu ya Upishi wa Mafuta Kidogo



Maelekezo mengi ya kupika nyama yanayochapishwa magazetini na vitabuni mwetu huanza kwa namna moja: bandika sufuria, tia mafuta, yakipata moto weka vitunguu. Nyama yenyewe huja baadaye, na aghalabu haielezwi imetoka sehemu gani ya mnyama. Kidari, paja, mbavu, nundu na sarara vyote hupokewa na mafuta yaleyale kwa kipimo kilekile, kana kwamba mnyama mzima ni kitu kimoja. Tunaipa nyama mafuta kabla ya kuuliza tayari inayo kiasi gani, na kabla ya kuuliza tunayatakia kazi ipi. Hoja ninayoileta kwenu ni kwamba mafuta ya chupa ni nyenzo ya kazi chache tu katika upishi wa nyama, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo maji, muda na mafuta ya nyama yenyewe huzifanya sawasawa au vizuri zaidi. Likikubalika hilo, mafuta tunayoyanunua kwa bei kubwa tutayapeleka mahali panapoyahitaji kweli kwenye mlo wetu, na mahali hapo nitapataja.

Nianze na kipimo, kwa sababu majumbani mafuta humiminwa kwa jicho. Kijiko kikubwa kimoja huchukua takriban gramu 14 za mafuta, nazo humpa mlaji kalori 120 hivi. Kikombe cha mililita 250 kina kalori zaidi ya 2,000, yaani karibu na mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima asiyefanya kazi nzito. Robo kikombe kwenye kilo moja ya nyama, kipimo ambacho wapishi wengi wangekiona cha wastani, ni kalori 500 zilizoongezwa juu ya nyama ambayo, ikiwa ni mchanganyiko wa kawaida wa buchani, inaweza kuwa na gramu 100 au zaidi za mafuta yake yenyewe. Kisha kuna upande wa mfuko. Tanzania, pamoja na alizeti ya Singida na Dodoma na michikichi ya Kigoma, bado huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta inayoyatumia, na Kenya huagiza zaidi, hasa mawese kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Tuliliona hilo mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilikatiza mafuta ya alizeti, na mwishoni mwa Aprili Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa mawese, ikazuia kuyauza nje kwa muda wa wiki tatu na ushei. Bei za dukani zilipanda kila mahali, na familia zisizojua kupika nyama bila kuanza na mafuta zikajikuta zinabanwa na maamuzi yaliyofanyika Jakarta.

Sasa tuulize mafuta yanaifanyia nyama nini. Jambo la kwanza ni kwamba hayailainishi, ingawa watu wengi huamini hivyo. Ugumu wa nyama hutokana zaidi na kolajeni, ile protini inayofunga nyuzi za misuli na kuishikiza misuli mifupani. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wenye nundu, waliotembea malishoni kwa miaka kadhaa kabla ya kufika machinjioni. Misuli yao imefanya kazi, na kolajeni yake imekomaa. Kolajeni huanza kulegea na kugeuka jelatini joto likipita nyuzi 60 au 70 za Selsiasi, lakini hugeuka polepole na hutaka unyevu. Ndiyo sababu muundi, mkia na kongoro, sehemu ambazo meno yasingeziweza, hubandikwa saa tatu au nne na kutoka zikiwa laini, na mchuzi wake ukipoa huganda. Hakuna tone la mafuta ya chupa lililohusika. Ukikichukua kipande hichohicho ukakitumbukiza kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 170, nje kitakauka na kukakamaa kabla kolajeni ya ndani haijapata nafasi ya kuyeyuka. Wapishi wa pwani wanayo nyenzo nyingine ya kulainishia, nayo ni papai bichi, ambalo lina kimeng'enya kinachokata protini. Papai bichi likisagwa na kupakwa kwenye mishikaki hufanya kazi ambayo mafuta hayawezi kuifanya hata yakiwa debe zima. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo. Ikumbukwe tu kwamba papai halina huruma: nyama ikilala nalo muda mrefu hugeuka ujiuji.

Kazi ya pili, ambayo ndiyo moyo wa suala hili, ni rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mpita njia ageuze shingo. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi asidi amino zinavyoungana na sukari kwa joto na kuzaa vitu vya rangi ya kahawia. Tangu hapo wanasayansi wamefahamu kwamba ladha tunayoiita ya kukaanga au ya kuchoma hutoka humo. Badiliko hilo huenda kwa kasi joto la uso wa nyama likifika nyuzi 140 hivi na kuendelea. Maji, kwa upande wake, huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na Nairobi, mita 1,700 juu, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Maadamu uso wa nyama umelowa, basi, joto lake halipandi hadi pale panapozaliwa kahawia. Kizuizi ni maji. Mpishi anayeona nyama yake imekuwa ya kijivu hudhani imekosa mafuta, akaongeza, kumbe imezidi unyevu: imetiwa nyingi mno sufuriani kwa mara moja, au imefunikwa, au imetoka kwenye maji ya kuoshea bila kufutwa.

Mafuta yana msaada wa kweli hapa, na haifai kuuficha. Kipande cha nyama na kitako cha sufuria havigusani kila mahali. Katikati hubaki nafasi za hewa, na hewa hupitisha joto vibaya. Mafuta huzijaza nafasi hizo, joto likaingia sawasawa. Lakini msaada huo wenyewe unatuonyesha kiasi kinachotakiwa: utando mwembamba tu, usiohitaji kina. Anayetaka kukaanga sarara au steki nyembamba ya paja, zenye mafuta machache, aipake nyama yenyewe kwa kijiko kidogo kimoja cha mafuta kwa nusu kilo, aisugue kwa mkono hadi ing'ae, kisha aiweke kwenye kikaango kikavu kilichokwisha kupata moto. Mafuta yaliyoko kwenye nyama yako mahali pa kazi. Yaliyomwagwa kikaangoni huenea hadi kwenye kingo zisizo na nyama, yakaungua na kutoa moshi.

Kwa nyama yenye mafuta yake, hata kijiko hicho hakina haja. Njia yenyewe wapishi wengi wanaijua nusu, na ningependa niieleze yote. Twaa nyama ya mbavu, kidari au mchanganyiko, uikate, uitie chumvi, tangawizi na vitunguu saumu, uiweke kwenye sufuria yenye kitako kizito bila maji na bila mafuta. Ifunike, moto uwe wa wastani. Nyama mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 hadi 75, na ikipata joto huanza kuyatoa. Baada ya dakika chache utaikuta inaogelea kwenye mchuzi ambao hukuutia wewe. Iache iive humo. Ikiwa ni ya mnyama mkubwa, ongeza maji ya moto kidogo kidogo na uipe saa nzima au mbili, hadi uma uingie bila kusukumwa. Hapo ndipo ufunue. Maji yatapungua, na ukisikiliza utagundua sauti imebadilika: mchemko mzito umekuwa mlio mkali wa kukaanga. Maana yake ni kwamba maji yamekwisha, na kitakoni yamebaki mafuta yaliyoyeyuka kutoka ndani ya nyama. Joto sasa lina ruhusa ya kupanda kupita nyuzi 100. Nyama itaanza kugeuka rangi yenyewe. Na ni katika dakika hii hasa, sufuria inapokauka na nyama inapoanza kushika, ndipo wengi wetu tunapoingiwa na hofu na kumimina mafuta. Tunamwaga kitu kipya juu ya kazi ambayo ilikuwa imebakiza dakika tano kukamilika.

Kushika kwenyewe kusitutishe. Protini ya nyama hung'ang'ania chuma na alumini ikiwa bado mbichi kwa nje. Ikishapata ganda la kahawia huachia, na mpishi anayesubiri hana haja ya kuibandua kwa nguvu. Kinachobaki kimeganda kitakoni ndicho chenye ladha iliyokolea kuliko yote. Kimwagie nyanya zilizosagwa, au mchuzi kidogo, au hata maji, ukikwangue kwa mwiko wa mti, nacho kitayeyuka na kuupa mchuzi rangi ambayo hakuna kiungo cha pakiti kinachoiiga. Sufuria nyembamba za alumini, zilizojaa masokoni, zinasumbua kweli katika njia hii, kwa sababu hupata joto kali mahali pamoja, hasa kwenye jiko la mkaa. Dawa yake ni moto mdogo na kugeuza mara kwa mara. Chungu cha udongo ni rafiki mzuri wa nyama ya kuiva taratibu, na kikaango kizito cha chuma ni bora kwa kumalizia.

Wapo wanaochemsha nyama kwanza, kisha wakabandika sufuria ya pili kwa ajili ya vitunguu, nyanya na rosti, na pengine hao ndio wengi zaidi. Kwao nina pendekezo moja ambalo naliona muhimu kuliko yote niliyosema hadi sasa. Tazameni juu ya mchuzi wa kuchemshia: kuna matone ya mafuta ya rangi ya dhahabu yanayoelea. Yaengueni kwa upawa, au mwache mchuzi upoe hadi mafuta yagande juu, halafu mkaangie vitunguu kwa hayo. Huna unachoongeza kwenye mlo, maana mafuta hayo yangeliwa vyovyote vile. Umeyahamisha tu kutoka juu ya supu hadi chini ya kitunguu. Nayo yanakuja yakiwa na ladha ya nyama na tangawizi tayari. Nyama ikiwa ya mafuta mengi, utagundua yaliyoelea yanazidi mahitaji ya rosti nzima, na hapo uamuzi wa kuyapunguza unakuwa mikononi mwako badala ya kufanyika gizani ndani ya sufuria.

Pingamizi la kwanza nitakalokutana nalo ni la ladha. Mpishi mzoefu ataniambia kwamba viungo havitoi harufu yake bila mafuta, naye ana ushahidi. Vitu vinavyoipa pilipili ukali wake, pilipili manga ule mchomo wake, na manjano rangi yake, huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji. Bizari ikitupwa kwenye maji matupu hubaki na uchachu wa unga. Nakubali yote hayo, lakini naona yanaunga mkono hoja yangu. Viungo vinahitaji mafuta. Havidai yawe ya chupa. Vikitiwa kwenye sufuria katika ile dakika ambayo maji yamekwisha na mafuta ya nyama yamebaki, hupata kila kinachohitajika. Tena bizari nyembamba, giligilani na iliki vikikaangwa vikavu kwa muda mfupi hadi vinukie, kisha vikatwangwa papo hapo, hutoa harufu kali kuliko unga uliokaa koponi miezi sita na kuzamishwa kwenye nusu kikombe cha mafuta. Kitunguu nacho, ambacho karibu asilimia 90 yake ni maji, huiva kwa maji yake kikitiwa chumvi na kufunikwa. Kikianza kukauka, unyunyizie kijiko cha maji, uache kikauke tena, na baada ya mizunguko mitatu minne kitakuwa na rangi ya asali. Inachukua muda zaidi, na anayesema haichukui anadanganya.

Historia ya upishi wetu iko upande huu pia, na nashangaa jinsi tunavyoisahau tunapozungumzia mapishi ya heshima. Ndafu wa Uchagani, mbuzi mzima anayepelekwa mbele ya maharusi, huiva kwa moto na kwa mafuta yake. Nchini Oman, nchi ambayo Zanzibar ina undugu nayo wa damu na wa chakula, nyama ya shuwa hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani na kufukiwa katika shimo la makaa kwa siku nzima au mbili kwa ajili ya Idi. Buganda wana luwombo, nyama inayofungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke, chakula ambacho masimulizi yao yanakihusisha na jiko la Kabaka Mwanga mwishoni mwa karne ya 19. Utajiri wake hutoka kwenye karanga. Kuku wa kupaka wa pwani huchomwa kwanza ndipo akapewa tui, na hapa uungwana unadai niseme wazi kwamba tui zito ni mafuta pia, likiwa na mafuta mengi yenye kuganda. Vilevile tunao ufundi wa kupalia: makaa juu ya kifuniko, moto mdogo chini. Tunautumia kwa wali na kwa mkate wa kumimina, na tunasahau kwamba ni tanuri kamili. Paja la mbuzi lililolazwa usiku kucha katika mtindi, ndimu na tangawizi, likawekwa ndani ya sufuria nzito na kupaliwa, litaiva kwa joto linalotoka pande zote, na juu litakauka na kupata rangi bila kuguswa na mafuta.

Pingamizi la pili ni la nyama isiyo na mafuta: mbuzi mwembamba, sungura, jogoo wa kienyeji aliyekimbizana na vifaranga wa jirani miaka miwili. Hapa njia ya kukausha haitafanya kazi peke yake, kwa kuwa hakuna kitakachobaki kitakoni maji yakiisha. Sitang'ang'ania ukavu kwa ajili ya kanuni. Nyama hiyo ipewe kifuniko, maji na muda. Na ikihitaji rangi, kijiko kimoja cha kupaka. Mafuta kidogo yanayowekwa kwa sababu inayojulikana hayana ubaya wowote.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni mkaa. Mama anayenunua mkaa kwa kopo atauliza kwa haki: mafuta nimeokoa, na moto wa saa mbili nani atanilipia? Jibu langu lina sehemu mbili. Nyama ngumu huchemshwa saa hizo hizo kwanza hata kwa wale wanaomalizia kwa kukaanga, kwa hiyo muda mwingi tayari unalipiwa, na hatua ya mafuta huongeza sufuria ya pili na moto wa ziada. Sehemu ya pili ni presha kuka. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha aina hiyo London mwaka 1679: mvuke ukifungiwa, maji hupanda hadi nyuzi 120 hivi, na nyama iliyotaka saa tatu huiva kwa muda usiofika saa moja. Kwa mikoa ya juu kama Mbeya, Njombe au Nairobi, ambako maji huchemka mapema na nyama huchelewa, faida yake ni kubwa zaidi. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Ningetamani kuona mitungi ya gesi inayogawiwa ikifuatana na sufuria za presha, kwa sababu gesi bila presha huisha haraka mno kwa anayepika makongoro.

La nne linatoka kwa wataalamu wa lishe, na nalipokea kwa mikono miwili. Mwili unahitaji mafuta. Watoto wadogo wanayahitaji zaidi ya watu wazima, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila hayo. Katika kaya ambayo chakula cha kila siku ni ugali na mboga, kuwaambia wapunguze mafuta kwa ujumla ni kosa. Lakini tazameni mafuta yanawekwa wapi. Siku ya nyama, nyama yenye mafuta yake humiminiwa mafuta mengine. Siku ya mchicha, matembele au kisamvu, chupa inahurumiwa. Ni kinyume cha mantiki ya mwili. Mboga za kijani zina karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na gramu chache za mafuta katika mlo zinatosha kuifanya ifyonzwe. Kijiko kile kinachopotea kwenye rosti ya mbavu, ambako hakuna anayekihisi, kingekuwa na kazi kwenye matembele. Ningependa mpango wa kupunguza mafuta nyumbani ueleweke hivyo: yahamishwe kutoka kwenye nyama hadi kwenye majani. Ndiyo maana naona hoja hii inawahusu maskini kuliko matajiri.

Mtu makini ataniuliza pia kama mafuta ya ng'ombe si mabaya kuliko ya alizeti, na kama sijawaelekeza watu kwenye shimo. Swali ni la haki. Karibu nusu ya mafuta ya ng'ombe ni yale yanayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayokula; mawese yako karibu na kiwango hicho hicho; alizeti ina kama sehemu moja ya kumi tu. Mtu akitupa alizeti yake na kununua samli ya kupikia nyama, hajafanya nilichosema. Ninachosema ni kwamba mafuta yaliyomo ndani ya nyama yataliwa kwa vyovyote, na alizeti haiyafuti, huongezeka juu yake. Anayetakiwa na daktari kupunguza yanayoganda aache mchuzi upoe, ayaengue na asiyarudishe. Wapo wanaowataja Wamasai kuwa ushahidi kwamba mafuta ya mnyama hayana shida, maana mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi uliowakuta Wamasai wa Tanganyika wakiwa na kolesteroli ya chini ingawa walikula maziwa na nyama. Uchunguzi huo ni wa kweli, ila watu wale walitembea sana, na supu zao zilitiwa magome na mizizi michungu. Karani wa mjini anayekaa kitini saa nane hawezi kuchukua maziwa na nyama yao akaacha miguu yao.

Kuhusu nyama choma nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wanaiona kama suluhisho lililo tayari: haina mafuta ya kuongezwa, basi imekamilika. Haijakamilika. Mafuta yanayodondokea makaani huungua na kurudisha moshi wenye kemikali zinazoshukiwa kusababisha saratani, na nyama iliyobabuka huwa na nyingine zake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka nyama nyekundu mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mwaka 2010 moshi wa kukaanga kwa joto kali ulikuwa umewekwa katika kundi hilo hilo. Moto mkali, kwa hiyo, unadai tahadhari katika njia zote mbili. Mchomaji mzuri husogeza makaa pembeni, huinua wavu, huchemsha mbavu kidogo kabla, huilaza nyama katika ndimu na vitunguu saumu, na hukata kilichoungua badala ya kukiuza.

Linabaki pingamizi ambalo halisemwi hadharani, la heshima. Mchuzi usioelea mafuta hudhaniwa ni wa mwenye nyumba aliyebana, na mgeni akiona mafuta yanang'aa juu ya bakuli huhisi amekaribishwa. Silidharau, kwa sababu lina mizizi katika nyakati ambazo samli ilikuwa adimu na kumpa mgeni ilikuwa ni kumpa kilichokuwa bora. Kwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, nyirinyiri, ilikuwa akiba ya safari na ya ukame. Mafuta pale yalizuia hewa na kuulinda uhai. Uadimu huo umepita mijini. Mgeni wa leo huenda ana kisukari au shinikizo la damu, na mwenyeji anayemjali angempa kidari kilicholainika hadi kinaachana na mfupa.

Kwa wanaofundisha upishi katika vyuo vya hoteli, na kwa wahariri wa kurasa za mapishi, ninaomba badiliko hili: sentensi ya kwanza ya kila maelekezo itaje sehemu ya mnyama. Nundu na mbavu, bila mafuta, zikaushwe kwenye sufuria wazi mwishoni. Kidari na mkia, maji na saa tatu, kisha kuengua. Sarara, kijiko kidogo cha kupaka na kikaango chenye moto. Kuku wa kisasa, aliyekuzwa wiki tano au sita, awekwe upande wa ngozi chini katika kikaango kikavu, moto mdogo kwanza, hadi ngozi itoe mafuta yake, ndipo ageuzwe. Jogoo wa kienyeji apewe maji, kifuniko na saa mbili, na mafuta ambayo angemiminiwa yatiwe kwenye matembele yatakayoliwa pamoja naye.